Ugali wa muhogo usikose kitoweo

Msomaji wangu wa Kasulu au Kibondo, muhogo mchungu una sianidi. Mwili huipunguza makali kwa salfa itokayo kwenye amino asidi za dagaa na maharage. Ubongo nao huvuta amino asidi hizo kupitia protini zilizo kama milango, zilizochunguzwa sana kwa panya. Lakini mlango hausaidii kama hakuna cha kupitisha.

Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walifupisha siku za kuandaa muhogo. Wengine wakapooza miguu ghafla. Ndiyo konzo, na haina tiba.

Loweka siku 3 au zaidi, uanike. Unga ukiutilia shaka, ulowanishe, uutandaze mwembamba juani kwa saa mbili, kisha songa siku hiyo hiyo.

Konzo huwapata zaidi watoto na wanawake. Hao dagaa, tafadhali, wasiishie kwenye sahani ya baba.