Kichwa cha upande mmoja si uvivu, wala si kurogwa

Mwaka wa masomo uliopita nilikuwa na binti mmoja katika darasa la sita. Alikuwa mwenye akili, lakini mara mbili au tatu kwa mwezi alilaza kichwa juu ya meza, akafunika macho kwa mikono, na nilipomwita hakujibu. Nilimgombeza mbele ya wenzake. Nilisema ni mvivu, kwamba anakesha kwenye televisheni ya jirani. Siku moja akatapika mlangoni mwa darasa. Nilipomuuliza akaniambia: «Mwalimu, ninaona kama vipande vya kioo vinang'aa mbele ya macho, kisha nusu ya ubao inapotea.»

Hapo nikamkumbuka mama yangu mzazi. Naye alikuwa akijifungia chumbani gizani, kitambaa amekifunga kichwani kwa nguvu, na sisi watoto tukikatazwa kupiga kelele. Majirani walisema ametupiwa kitu. Alichanjwa kwa wembe kwenye mapanja, lakini kichwa kiliendelea kurudi.

Munganga aliyempima yule binti alisema ni migrene. Vitabu vya Kiswahili huiita kipandauso, na wengi wetu tunasema tu kichwa cha upande mmoja. Duniani inashika watu zaidi ya bilioni moja. Basi tuone inatoka wapi.

Ndani ya kichwa kunapita nini?

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo na kwa kemikali ambazo mwili wenyewe unatengeneza. Mtu wa migrene amezaliwa na ubongo unaoamka upesi kuliko wa wengine. Mwanga, harufu, njaa au usingizi mchache, vitu ambavyo mwingine anavipita bila shida, kwake vinaweza kuwasha moto. Mara nyingi jambo hili linatembea katika jamaa: mama, binti, mjukuu.

Mashambulio hayaanzii kwenye maumivu. Saa nyingi mbele, hata siku nzima, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, inayosimamia usingizi, njaa na kiu, inaanza kubadilika. Ndiyo maana wengine wanapiga miayo bila kukoma, wanatamani chakula fulani, shingo inakaza, au wanakasirika bila sababu.

Kisha, kwa baadhi ya watu, si wote, vinakuja vile vioo vinavyong'aa. Mwaka 1944 mchunguzi wa Brazili, Aristides Leão, alieleza wimbi linalotembea juu ya ubongo polepole sana, karibu milimita 3 kwa dakika. Ufikirie moto wa nyasi wakati wa kiangazi: mbele kuna mstari unaowaka, nyuma kunabaki weusi. Wimbi hilo linafanana na moto huo. Linapopita sehemu ya ubongo inayosimamia macho, mbele mtu anaona mng'ao, nyuma anaona pengo. Jambo hili kwa kawaida linadumu kati ya dakika 5 na saa 1. Yule binti hakusema uongo kuhusu ubao wake.

Maumivu yenyewe yanatoka wapi? Ubongo hausikii uchungu, lakini ngozi nyembamba zinazoufunika zinausikia. Mshipa mkubwa wa fahamu wa uso unatuma matawi yake huko. Unapoamshwa, unamwaga kemikali, na mojawapo inaitwa kwa ufupi CGRP. Kemikali hiyo inapanua mishipa ya damu na kuufanya mshipa wa fahamu uwe mwepesi zaidi kuumia. Basi maumivu yanagonga kichwani kama mchi ndani ya kinu. Tumbo nalo linapunguza kazi, kichefuchefu kinakuja. Pasipo dawa, hali hii inaweza kudumu kati ya saa 4 na siku 3.

Mwaka 2021 wachunguzi wanne, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa zawadi kubwa ya uchunguzi wa ubongo huko Danimarki kwa kuonyesha njia hii. Kutokana na kazi yao zimetengenezwa dawa mpya zinazozuia CGRP, ingawa bado ni za bei kali.

Kwa nini sisi wanawake?

Watoto wa kiume na wa kike wanaumwa karibu sawasawa mpaka wakati wa kuvunja ungo. Baada ya hapo wanawake wanaumwa mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Sababu kubwa ni homoni ya estrojeni, ambayo inashuka siku chache mbele ya hedhi. Mushuko huo unaamsha ubongo ule mwepesi. Katika mimba wengi wanapumzika, hasa baada ya mwezi wa tatu. Baada ya kuzaa kichwa kinaweza kurudi, na hedhi ikikoma kabisa, kwa wengi kinapungua.

Tufanye nini nyumbani?

Chukua kadaftari. Andika siku ya kichwa, ulichokula, saa ulizolala, na siku za hedhi. Baada ya miezi mitatu utaona mwenyewe kinachokuamsha. Usiende sokoni na tumbo tupu, kunywa maji, lala na kuamka kwa saa zilezile.

Dawa kama paracetamol au ibuprofeni inywewe mapema, kwa sababu tumbo likishalala kidonge kinachelewa kufanya kazi. Lakini usizoee kuvimeza zaidi ya siku mbili kwa juma: dawa ikizidi, yenyewe inaleta kichwa cha kila siku. Mwenye mimba au mwenye vidonda vya tumbo asimeze ibuprofeni bila kuuliza munganga. Mtoto asipewe aspirini.

Mama anayeona mng'ao mbele ya kichwa amwambie muuguzi anapokwenda kuchagua njia ya kupanga uzazi. Vidonge vyenye estrojeni vinamwongezea hatari ya kupooza. Kuna njia nyingine zinazomfaa.

Tusiite kila kichwa malaria. Migrene haileti homa. Kukiwa na homa, omba kipimo cha damu kwanza. Na wembe tuuache: hautibu, na ukitumika kwa watu wawili unaweza kupeleka ukimwi na homa ya ini.

Kimbia kwenye kituo cha afya kama:
– kichwa kimekuja ghafla, kikali kuliko chochote ulichowahi kusikia;
– kuna homa na shingo ngumu;
– mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki vizuri;
– mtu alianguka au alipigwa kichwani;
– ni mama mwenye mimba ya zaidi ya miezi mitano, au aliyezaa karibuni: apimwe presha siku hiyohiyo.

Yule binti nilimhamisha mbali na dirisha lenye jua. Mama yake alianza kumpa uji kila asubuhi kabla ya kutoka, na kidonge cha paracetamol kilikaa kwangu mezani, kwa ruhusa yake. Kichwa hakikwisha, ila kilipungua. Siku ya mtihani wa mwisho alikaa mpaka karatasi ya mwisho, akafaulu.

Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale waliosikia nikimwita mvivu. Kwa mama yangu nilichelewa. Alikufa akiamini kuna mtu aliyemchukia. Kama nyumbani mwako kuna mtu anayejifungia gizani, mpelekee maji, funga pazia, na kesho yake umsindikize kwa munganga.