Upinde wa Mishamo watundikwa Nyanza-Lac

Marehemu baba alivuka mpaka mwaka 2009 akiwa na magunia mawili ya maharage, baiskeli na upinde. Mimi nilimfuata na sanduku la vitabu vyangu vya ualimu.

Wenzangu mliosoma Mishamo mtakumbuka. Kanga na kwale walifukua mbegu za karanga, ndezi wakakata mahindi, hivyo mtoto wa kiume alijua upinde kabla ya hesabu za kugawanya. Kwa wanyama wadogo baba hakutumia sumu. Alikata matete, akayakausha kivulini, kisha akanyoosha kila moja juu ya makaa huku amefumba jicho moja. Manyoya yalitoka bawa la upande mmoja. Ukichanganya la kulia na la kushoto, mshale unayumba. Kwa ndege aliweka kichwa butu cha mti mgumu, kinachoangusha kanga bila kuharibu nyama wala kunasa kwenye tawi. Kwa ndezi alifua msumari wa inchi nne ukawa kigumba. Ugwe ulikuwa wa kano za ng'ombe, nao ukilowa hulegea, ndiyo maana siku za mvua tulikula dagaa.

Wala usidhani tulilenga mbali kama kwenye sinema. Hatua 15, labda 20. Kazi yenyewe ni kunyata.

Mwaka 2007 tulipoulizwa tunataka uraia wa Tanzania au kurejea Burundi, kaka yangu alichagua uraia. Baba alichagua kurejea. Kilimani kwetu, karibu na Nyanza-Lac, tulikuta shamba lina mtu mwingine aliyelilima miaka mingi baada ya 1972.

Jioni moja baba alitoka na upinde, kwa mazoea tu. Jirani yule alimwita mkewe ndani akafunga mlango. Kwale wa kutafuta hapakuwa, ni migomba na michikichi hadi ziwani. Na kwenye kilima chenye mgogoro wa ardhi, mtu anayetembea na upinde jioni haulizwi anawinda nini. Baba alirudi, akalegeza ugwe, akautundika.

Shamba liligawanywa nusu kwa nusu. Jirani hakukanyaga kwetu hadi siku ya msiba wa baba. Alishusha mshale mmoja ukutani, akapitisha kidole kwenye manyoya.

"Bawa moja," alisema kwa Kirundi. "Mzee wangu naye alifanya hivi."

Aliuita umwampi. Mimi, mtoto wa kambini, nilizoea kusema mshale.

Sasa mwanangu ana miaka 13 na anataka kujifunza. Kuwinda nimemkataza, maana wanyama wamekwisha na sheria ipo. Lakini Jumamosi tunakata matete na kulenga gunzi juu ya kichuguu. Anayetushinda sote ni mjukuu wa jirani. Nasubiri kano za ng'ombe alizoahidi kaka kututumia na wafanyabiashara wa Manyovu, kwani hii kamba ya nailoni inanepa.