Si kila kikohozi ni kifua kikuu

MPWA wangu alikohoa kwa miezi mingi, na hapa Kapoeta kila aliyemsikia alisema ni kifua kikuu. Nami nilisema hivyo hivyo. Zahanati moja ikampa dawa za kifua kikuu kwa miezi minne bila hata kupima makohozi.

Siku moja darasani alikohoa maji yenye chumvi, pamoja na utando mweupe kama ngozi ya yai lililochemshwa. “Mjomba, nimetoa nini?” aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Nilipaswa kulijua. Nilisomea ukimbizini Kakuma, katika nchi ya Waturkana, ambako AMREF imepambana na ugonjwa huu tangu miaka ya 1980. Unaletwa na tegu mdogo wa milimita chache anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi; mtu akiyameza, hugeuka vifuko vya maji, mara nyingi kwenye ini, na baadhi kwenye mapafu. Hukua polepole kwa miaka.

Tulivuka mpaka Nadapal hadi hospitali. Picha ya kifua ilionyesha vifuko viwili, kimoja kimepasuka, kingine kizima, mviringo kama chungwa.

“Mwalimu, hiki kizima ndicho kinachonitia hofu,” alisema daktari wa upasuaji. Maji yake yakimwagika kifuani, mgonjwa anaweza kufa kwa mzio, au kuota vifuko vipya. Kwa hiyo hukizungushia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, huyanyonya maji kwa sindano, hutoa utando, kisha hushona matundu ya njia za hewa. Pafu lenyewe mara nyingi halikatwi. Dawa ya albendazoli alitaka ianze baada ya upasuaji, maana ikitangulia inaweza kudhoofisha kifuko cha pafuni kikapasuka.

Saa zile mlangoni sitazisahau. Mtoto alitoka na mpira kifuani, akiwa hai.

Dada yangu aliuliza kama mbwa wao auawe, kwani ndiye aliyekuwa akimlamba mtoto kumsafisha alipokuwa mchanga. Daktari alikataa. Mbwa apewe dawa ya minyoo mara kwa mara, wala asitupiwe maini na mapafu ya mifugo.

Jumamosi iliyopita tulichinja mbuzi. Pafuni mlikuwa na kifuko kile kile. Nilichimba shimo refu mwenyewe, mbwa ameketi pembeni akinitazama.