Kumzoesha Mbwa Mwoga Mkanda na Kamba Kabla ya Siku ya Chanjo

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika katika wadi, wakazi wengi hufika uwanjani na mbwa wao. Wachache hufika mikono mitupu, na wakiulizwa sababu, jibu huwa moja: mbwa hakukamatika.

Mara nyingi huyo ni mbwa aliyeokotwa. Alikuwa akizurura sokoni au kando ya kichinjio, akapigwa mawe na kumwagiwa maji moto, kisha familia moja ikamhurumia na kumpa chakula. Sasa hula pale, hulala chini ya ghala na hubweka usiku mgeni akikaribia. Lakini hakuna anayeweza kumgusa shingo. Asubuhi ya chanjo watoto na watu wazima humkimbiza kwa waya na mabao, naye hupenya ua na kutokomea katika mahindi. Jioni hurudi kwa woga zaidi, na hajachanjwa.

Mbwa wa aina hiyo ndiye hasa anayepaswa kufikiwa na chanjo. Historia yake haijulikani, na bado ana mazoea ya kuzurura na kukutana na mbwa wengine. Habari njema ni kwamba mbwa mwoga anaweza kuzoeshwa mkanda wa shingoni na kamba bila kupigwa, kwa dakika chache kila siku, ikiwa kazi hiyo itaanza wiki kadhaa kabla ya siku ya chanjo.

Kwa nini kila mbwa ahesabiwe

Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimeshaanza kuonekana. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na watu wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa, humvuta mkia, na akiumwa kidogo huenda asiseme nyumbani.

Ugonjwa huu huzuilika pale ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wamechanjwa. Hapo virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuhamia. Mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliozinduliwa mwaka 2014, unalenga kumaliza vifo vya binadamu vinavyosababishwa na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Katiba nayo, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Lakini hakuna afisa anayeweza kumchanja mbwa aliyekimbilia shambani. Sehemu hiyo ya kazi hufanyika nyumbani.

Woga wa mbwa unavyofanya kazi

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mbwa aliyewahi kufungwa kwa waya au kuburutwa kwa kamba huiona kamba yoyote kama hatari. Akikamatwa kwa nguvu mara moja, huenda chanjo ikapatikana mwaka huo, lakini somo analobaki nalo ni kwamba mikono ya watu na kamba huleta maumivu. Mwaka unaofuata atakimbia mapema zaidi, au atauma.

Njia inayofaa ni kumpa somo jingine: kila kamba inapotokea, kitu kizuri hufuata. Kitu hicho kiwe chakula anachokipenda kuliko mlo wake wa kawaida, kwa mfano vipande vidogo vya ini, mapafu au matumbo yaliyochemshwa, au omena. Kila kipande kisizidi ukubwa wa punje ya haragwe, ili asishibe upesi.

Vifaa vya kuandaa

Mkanda wa shingoni uwe mpana na laini. Wa ngozi au wa kitambaa kigumu unafaa. Waya, kamba nyembamba ya nailoni na kitanzi kinachojikaza havifai, kwa sababu hukata ngozi na huongeza woga. Ukishafungwa, vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Ukibana zaidi ya hapo humuumiza, na ukilegea zaidi mbwa mwoga hurudi kinyumenyume na kuutoa kichwani. Kamba ya kushikia iwe nyepesi na yenye urefu wa takriban mita moja na nusu.

Hatua za kumzoesha

Mtu mzima mmoja ambaye mbwa humwamini zaidi ndiye afanye kazi hii. Kila kipindi kichukue dakika tano hivi, mara mbili au tatu kwa siku, mahali pamoja palipo na utulivu, na watoto wakae mbali.

Hatua ya kwanza ni mbwa kuja kwa hiari. Mtu achuchumae akiwa amempa mbwa ubavu, bila kumkazia macho na bila kunyoosha mkono juu ya kichwa chake. Arushe kipande cha chakula karibu na mbwa, kisha kingine karibu zaidi na yeye mwenyewe. Siku zinavyopita, mbwa atakula mkononi. Asikamatwe wakati huo, hata kama nafasi ipo. Akikamatwa, kazi yote itaanza upya.

Hatua ya pili ni kuguswa. Mkono mmoja umguse kifuani au chini ya kidevu kwa sekunde moja, kisha chakula kifuate. Akishakubali bila kujikunyata, muda uongezwe polepole, na mkono usogee hadi kando ya shingo na nyuma yake.

Hatua ya tatu ni mkanda wenyewe. Kwanza uwekwe chini kando ya sahani yake wakati anakula. Baada ya siku mbili au tatu, mkanda ushikwe ukiwa umefunguliwa kama duara kubwa, na chakula kitolewe upande wa pili, ili mbwa apitishe kichwa mwenyewe kukifuata. Usifungwe bado. Akizoea, ufungwe kwa sekunde moja na kufunguliwa, kisha kwa muda wote wa mlo, kisha kwa nusu saa huku akitazamwa. Ikiwa mlio wa bakoli humshtua, ulizwe kwanza mbali naye, na kila mlio ufuatwe na chakula.

Hatua ya nne ni kamba. Kamba ifungwe kwenye mkanda na kuachwa ikiburuzika ndani ya boma huku mtu akimwangalia. Asiachwe peke yake nayo, kwani inaweza kunasa kwenye ua na kumkaba. Baadaye ncha ishikwe bila kuvutwa, mtu amfuate mbwa aendako. Kisha mtu atangulie hatua mbili, aite, na mbwa akija apewe chakula. Kamba ikikazika, mtu asimame tuli hadi ilegee yenyewe.

Hatua ya tano ni kutoka nje. Mbwa atembezwe hadi langoni, siku nyingine hadi barabarani, na hatimaye hadi mahali chanjo hutolewa, saa ambazo pametulia. Nyumbani, aliyemzoesha ainue ngozi ya mgongo karibu na shingo kwa vidole na kuigusa kidogo kwa kifuniko cha kalamu, kisha ampe chakula. Hivyo siku ya sindano haitakuwa ngeni kabisa.

Hakuna idadi moja ya siku inayowafaa mbwa wote. Wapo wanaokubali mkanda katika wiki moja, na wapo wanaohitaji mwezi au zaidi. Mbwa asiharakishwe kwenda hatua inayofuata kabla ya kutulia katika ile aliyopo.

Dalili kwamba mbwa amefika kikomo

Mbwa huonya kabla ya kuuma. Hulamba midomo ingawa hana chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, hugeuza uso, hulaza masikio nyuma, huficha mkia katikati ya miguu au huonyesha weupe wa macho. Wengine hukauka tuli, na watu hudhani wamekubali. Mbwa aliyekauka tuli na kukataa chakula anachokipenda hajakubali. Ameshindwa kukimbia tu.

Dalili hizi zikionekana, kazi isimamishwe, mbwa apewe nafasi, na kipindi kinachofuata kianze hatua moja nyuma. Akinguruma asipigwe. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya kwanza. Isitoshe, kupiga na kutesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Njia hii hufaa pia kwa koti

Hatua hizi hizi hutumika mbwa anapohitaji kuvalishwa kitu mwilini. Mbwa jike aliyefanyiwa upasuaji wa kufunga uzazi anaweza kuvalishwa fulana kuukuu ili asilambe kidonda, ikiwa daktari wa mifugo ataruhusu. Katika maeneo ya baridi kama Limuru na Nyandarua, mbwa mzee, mdogo au aliyekonda huweza kuhitaji koti usiku. Nguo iwekwe kwanza mahali anapolala apate kuizoea harufu yake, kisha ilazwe mgongoni kwa sekunde chache, na kufungwa kuwe mwisho kabisa. Isibane makwapa wala kuzuia mbwa kwenda haja, na ikilowa itolewe.

Siku ya chanjo

Mbwa mwoga aletwe mapema kabla ya msongamano, akishikwa na mtu mzima yule yule aliyemzoesha. Mtoto asitumwe peke yake na mbwa. Wasubiri pembeni, mbali na mbwa wengine, na afisa aarifiwe kabla ya kukaribia kwamba mbwa ni mwoga. Mdomo wa mbwa usifungwe kwa kamba kwa muda mrefu, hasa kwenye jua, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Baada ya sindano apewe chakula chake, na cheti cha chanjo kihifadhiwe nyumbani.

Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kinga huchukua wiki tatu hadi nne kujengeka baada ya sindano ya kwanza. Ikiwa siku imekaribia na mbwa bado hagusiki, asikimbizwe. Mwenye mbwa afike ofisi ya mifugo ya wadi mapema na kueleza hali ilivyo, ili apewe ushauri wa namna ya kumfikia.

Si kila badiliko ni woga

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote. Mbwa aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeyumba, anayebweka kwa sauti iliyokwaruza au anayeuma vitu ovyo, asizoeshwe chochote wala kuguswa. Watu na mifugo wawekwe mbali, na ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja. Hali kadhalika, mbwa mzururaji ambaye hajulikani anatoka wapi na amemuuma mtu asichukuliwe nyumbani kufugwa.

Mtu yeyote akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa penye kidonda, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitalini siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Pilipili, majani au dawa za kienyeji zisipakwe. Mbwa aliyeuma, ikiwa anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe, bali aangaliwe kwa siku kumi chini ya maelekezo ya afisa wa mifugo.

Mahali pa kuanzia

Wakazi wenye mbwa wasiogusika hawana haja ya kungoja tangazo la gari la chanjo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na maeneo mengi hufanya chanjo karibu na siku hiyo. Mbwa aliyeanza kula mkononi mwezi mmoja au miwili kabla ana nafasi nzuri ya kufika uwanjani kwa miguu yake, akiwa kwenye kamba iliyolegea. Jioni ya leo panatosha kuchuchumaa uani, kumpa mbwa ubavu, na kurusha kipande cha kwanza cha ini.