Lipidi za Utando na Hatima ya Seli Shina za Ubongo

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wenye unene wa takriban nanomita 5, ambao kwa kiasi kikubwa umeundwa kwa lipidi, yaani mafuta na viambata vingine vya jamii yake visivyoyeyuka katika maji. Kwa muda mrefu utando huo ulichukuliwa kuwa mpaka tu kati ya yaliyomo ndani ya seli na yaliyo nje, lakini utafiti kuhusu seli shina za neva, ambazo ndizo chimbuko la nyuroni na baadhi ya seli zinazozihudumia, umedhihirisha kwamba aina ya lipidi iliyomo katika utando huchangia kuamua iwapo seli itaendelea kujigawa au itakomaa na kushika kazi maalumu.

Mwaka 1992 Brent Reynolds na Samuel Weiss wa Calgary, Kanada, walionyesha kwamba seli zilizotolewa katika ubongo wa panya aliyekomaa ziliweza kuzaliana maabara zilipopewa EGF, protini inayochochea seli kujigawa. Protini hiyo hufikisha ujumbe wake kwa kujishikiza kwenye kipokezi, yaani protini nyingine iliyopenya utando, na utendaji wa kipokezi hicho hutegemea lipidi zilizo jirani nacho.

Lipidi muhimu katika jambo hili ni GD3, mojawapo ya gangliosidi, ambazo ni lipidi zenye mnyororo wa sukari unaojitokeza nje ya seli, na ndiyo inayotawala miongoni mwa gangliosidi za seli shina za neva za panya. Mwaka 2013 Jing Wang na Robert Yu, watafiti nchini Marekani, walieleza kwamba GD3 hushikamana na kipokezi cha EGF, na kwamba seli inapokimeza kipokezi hicho baada ya kupokea ujumbe, GD3 husaidia kukirejesha kwenye utando kikatumike tena. Katika seli zisizoweza kutengeneza GD3, kipokezi hupelekwa kwenye lisosomu, kifuko chenye vimeng'enya vya kuvunjavunja taka, na uwezo wa seli wa kujizalisha hupungua. Seli inapoanza kuwa nyuroni, GD3 hupungua na nafasi yake huchukuliwa na gangliosidi nyingine, kama vile GM1 na GD1a.

Aidha, kwa kuwa seli haiwezi kugawanyika kuwa mbili bila kuongeza utando, wingi wa lipidi nao una uzito wake. Mwaka huohuo Marlen Knobloch, Sebastian Jessberger na wenzao, huko Zürich, Uswisi, walibainisha kwamba seli shina za panya hutegemea FASN, kimeng'enya kinachounda asidi za mafuta, na kwamba kilipoondolewa, kujigawa kwake kulififia.

Kwa binadamu, hitilafu katika jeni ya DHCR7, inayohusika na hatua ya mwisho ya utengenezaji wa kolesteroli, ambayo nayo ni lipidi ya utando, husababisha ugonjwa wa Smith-Lemli-Opitz, ambao mara nyingi huambatana na kichwa kidogo na ulemavu wa akili.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu seli shina zenyewe imetokana na panya na seli zilizokuzwa maabara, kwa hiyo haihalalishi madai ya wauzaji wa virutubisho kwamba kunywa mafuta fulani huzalisha upya seli za ubongo.