Funga milango ya seva kabla mwizi hajaisukuma

VYAMA vingi vya ushirika wa maziwa, maduka ya pembejeo na maghala ya nafaka siku hizi huweka hesabu zao kwenye kompyuta badala ya leja. Kilo alizoleta mkulima, dawa alizochukua kwa mkopo na malipo anayodai, yote hukaa ndani ya seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia zile nyingine za ofisini.

Faida zake ni nyingi. Hata hivyo, seva iliyounganishwa na intaneti huweza kufikiwa na watu wema na wabaya vilevile. Wadukuzi hawahitaji kujua duka lako liko soko gani. Wana programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikisukuma mlango mmoja baada ya mwingine, na unaofunguka ndio wanaouingilia.

Mei 12, 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai kikombozi. Katika siku chache kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za umma nchini Uingereza. Kilipitia mlango nambari 445, ambao kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuwa wameyaweka. Aliyekuwa amefunga mlango huo kwa watu wa nje hakufikiwa kupitia hapo.

Milango ni ipi?

Seva huwasiliana kupitia milango yenye nambari, kuanzia 1 hadi 65,535. Tovuti hutumia 80 na 443. Fundi anayeihudumia seva akiwa mbali huingilia 22. Hifadhidata ya MySQL, ambamo rekodi za wateja huwekwa, hutumia 3306. Faiwoli, yaani ukuta wa ulinzi, ni bawabu anayeamua nani apite mlango upi.

Ukuta huu si lazima ununuliwe. Mfumo wa Ubuntu hupatikana bure, na tangu mwaka 2008 umekuwa na programu iitwayo UFW. Hakuna picha za kubofya. Fundi huandika amri kwa kibodi, moja kwa kila mstari.

Kanuni kuu ni moja: funga milango yote, kisha ufungue ile tu unayoihitaji. Kwa hivyo, kabla ya kugusa kibodi, chukua karatasi uorodheshe nani anahitaji kuingia na kwa kazi gani.

Tuseme chama kina tovuti, fundi anayeingia kutoka mbali, na kompyuta za ofisini ambazo anwani zake huanza na 192.168.1. Amri zitakuwa hizi:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw limit 22/tcp
sudo ufw allow 80/tcp
sudo ufw allow 443/tcp
sudo ufw allow proto tcp from 192.168.1.0/24 to any port 3306
sudo ufw enable

Ya kwanza huzuia kila anayetoka nje, na ya pili huiruhusu seva yenyewe kutoka. Ya tatu humfungulia fundi, lakini anwani inayojaribu kuingia mara sita au zaidi katika sekunde 30 huzuiwa. Mbili zinazofuata ni za wageni wa tovuti. Ya sita huruhusu kompyuta za ofisini pekee kufikia rekodi. Ya mwisho ndiyo inayomwamsha bawabu.

Usijifungie nje

Mpangilio huu una sababu. Fundi aliye mbali akiwasha ukuta kabla ya kuruhusu mlango 22, atakuwa amejifungia nje, na itambidi asafiri hadi ilipo seva. Ndiyo maana UFW humuuliza kwanza kama ana hakika. Hata baada ya kuwasha, asifunge dirisha alilonalo. Afungue la pili ajaribu kuingia upya. Likikubali, kazi imefaulu.

Kuona milango iliyo wazi, andika:

sudo ufw status numbered

Kila ruhusa itaonekana na nambari yake. Kuiondoa ya tatu, andika sudo ufw delete 3. Tahadhari: ukishaondoa moja, zilizobaki hupewa nambari mpya, hivyo tazama orodha tena kabla ya kuondoa nyingine.

Ukuta peke yake hautoshi

Mlango uliouacha wazi kwa fundi unaweza kuingiliwa na yeyote anayelijua neno la siri. Liwe refu na gumu kubahatisha. Mfanyakazi akichomeka flashi yenye kirusi, bawabu wa mlangoni hatamwona. Kwa hivyo weka marekebisho ya programu kila yanapotolewa, na uwe na nakala ya rekodi mahali pengine pasipounganishwa na seva hiyo.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayesimamia taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba zimefikiwa kinyume cha sheria na wenyewe huenda wakadhurika. Taarifa za wakulima wanachama nazo zimo.

Mwenyekiti au mwenye duka hahitaji kuzikariri amri hizi. Amwombe fundi wake aandike sudo ufw status mbele yake. Jibu likiwa "inactive", bawabu amelala. Likiwa "active", asome orodha na kuuliza kila mlango ni wa nani. Usio na mwenyewe ufungwe siku hiyo hiyo.