MATUMIZI YA VYOMBO VYA MUZIKI VISIVYO NA WAYA KATIKA SHEREHE

Katika sherehe kubwa, kama zile za Mapinduzi zinazofanyika Uwanja wa Amaan, vikundi kadhaa huweza kutumia jukwaa moja. Sauti ikikatika mbele ya hadhara, lawama humwangukia mwimbaji, ilhali kosa aghalabu limo katika mpango wa masafa.

Kila chombo kisicho na waya ni kituo kidogo cha redio. Vyombo viwili vikitumia masafa mamoja, huharibiana. Hata vikitofautiana, virusha mawimbi vikikaribiana huzaa mawimbi mengine. Kwa mfano, megahezi 500.0 na 500.4 huzaa 499.6 na 500.8. Chombo cha tatu kikiwekwa 500.8 kitaingiliwa, kikiwekwa 501.2 kitayaepuka mawimbi hayo mawili. Kwa hiyo, kupanga masafa kwa nafasi zilizo sawa ni kosa.

Aidha, vifaa vingi vya aina hii hutumia masafa ya televisheni. Chaneli inayorusha matangazo mahali hapo haifai kutumiwa. Masafa ya megahezi 694 hadi 862 nayo yametengewa simu za mkononi katika kanda ya Afrika, hivyo vifaa vya zamani vya masafa hayo visitegemewe. Ugawaji wa masafa nchini, Zanzibar ikiwemo, uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Waandaaji wa sherehe wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mtu mmoja akabidhiwe orodha ya masafa ya vikundi vyote, wakiwemo wapiga picha za televisheni.

(b) Virusha mawimbi vyote vizimwe kwanza, kisha kila kipokezi kitazamwe. Kinachoonesha mawimbi kibadilishwe masafa.

(c) Vyote viwashwe isipokuwa kimoja. Kipokezi cha hicho kimoja kikionesha mawimbi, pana mwingiliano. Zoezi lirudiwe kwa kila chombo.

(d) Antena ziinuliwe juu ya vichwa vya watu, kwani mwili wa binadamu hufyonza mawimbi.

(e) Kikundi kilichomaliza kuimba kizime vifaa vyake.

Mwisho, mpiga kanuni huketi mahali pamoja, hivyo waya humtosha. Masafa yaachiwe mwimbaji anayetembea jukwaani, na kipaza sauti kimoja cha waya kiwekwe tayari kwa dharura.